Mheshimiwa, Kila Badiliko la Sheria Liwe na Tarehe na Jina

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Dodoma

Mheshimiwa,



YAH: OMBI LA KUWEKA KUMBUKUMBU YA KILA BADILIKO LA SHERIA KWA PROGRAMU YA KOMPYUTA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba radhi kwa kukufikia kwa barua ya wazi badala ya kupitia masjala ya ofisi yako kama desturi inavyotaka. Ombi ninalolileta linawagusa watu wengi, nami nimeona ni heshima kwao walisikie wakati uleule unapolisikia wewe. Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta, mkazi wa Morogoro. Sheria sikuisomea. Nikiteleza katika neno la kisheria, nakuomba unisahihishe kama mzazi anavyomsahihisha mtoto.

Mheshimiwa, niruhusu nianze na mama yangu mzazi.

Kwa miaka kadhaa mama alikuwa mjumbe wa baraza la kata. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, ilitaka baraza liwe na wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, na watatu kati yao wawe wanawake. Mama alikuwa mmoja wa hao watatu. Kazi ile aliishika kama amana. Alikuwa na nakala ya sheria iliyotolewa fotokopi, kingo zimeliwa na vidole, akiifunga ndani ya kipande cha kanga na kuiweka sandukuni pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Nakala ile ilisema kwamba baraza la kata laweza kuamua shauri la ardhi ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 3.

Mwaka 2022 alifika mjane mmoja aliyekuwa akigombania kipande cha shamba na shemeji zake. Baraza lilikaa. Lilikwenda shambani, likatazama mpaka, likasikiliza mashahidi wa pande zote, kisha likaamua kwamba kipande kile ni cha mjane. Alipofika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba utekelezaji, alielezwa kwa upole kwamba uamuzi aliouleta hauna nguvu. Bunge lilikuwa limeshaibadili sheria mwaka 2021. Tangu hapo baraza la kata linasuluhisha tu. Likishindwa, linatoa hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa, na siku 30 zikipita bila suluhu mlalamikaji yuko huru kusonga mbele. Mama na wenzake walikuwa wameamua kwa haki, kwa kufuata kifungu ambacho hakikuwapo tena.

Mjane akaanza upya: nauli upya, mashahidi upya. Shahidi wake mkuu, mzee aliyeupanda mti wa mpaka kwa mikono yake, alikuwa ameshafariki.

Mheshimiwa, simlaumu mtu. Marekebisho yale yalitangazwa katika Gazeti la Serikali kama inavyopasa. Kilichokosekana ni njia ya kulitoa badiliko kwenye Gazeti na kulifikisha kwenye ile kanga ya mama. Njia hiyo ndiyo ninayokuja kuiombea.

Unajua kuliko mimi jinsi sheria zinavyobadilishwa. Sheria ya marekebisho haiji na maandishi yote mapya. Inakuja na maelekezo: kwa kufuta maneno haya na badala yake kuweka maneno yale, kwa kuongeza kifungu hiki mara baada ya kifungu kile. Na mara nyingi tunapata Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ambayo kwa siku moja inagusa sheria za ardhi, za mahakama, za takwimu na nyinginezo. Anayetaka kuijua sheria ilivyo leo inambidi achukue kitabu cha zamani, akusanye marekebisho yote yaliyofuata, kisha akate na kubandika mwenyewe. Wakili mwenye ofisi mjini ana msaidizi wa kumfanyia hivyo. Mjumbe wa baraza la kata hana.

Naomba hapa nitoe pongezi za dhati kwa ofisi yako. Toleo la Urekebu la mwaka 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, limetutoa mbali sana na Toleo la 2002 ambalo wengi wetu tulilizoea. Nilipolifungua mara ya kwanza nilihisi kama mtu aliyefagiliwa njia ya kwenda kisimani. Lakini, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba niseme kwamba kitabu cha urekebu ni picha ya siku moja. Kinatuonyesha sheria ilivyosimama siku ile. Njia iliyoifikisha pale hakituonyeshi, na siku Bunge litakapopitisha marekebisho mengine picha itaanza kuchakaa.

Chukua mfano wa Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015. Mwaka 2018 iliongezewa kifungu kilichomzuia mtu kusambaza takwimu zenye nia ya kubatilisha au kupotosha takwimu rasmi. Mwaka 2019 katazo lile likaondolewa. Anayesoma maandishi ya 2015 hawezi kuliona, na anayesoma maandishi yaliyokuja baada ya 2019 hawezi kuliona pia. Lakini liliishi, na mtu aliyetenda jambo katika miezi ile anapaswa kupimwa kwa sheria ya miezi ile. Mwanafunzi wa sheria, mwandishi wa habari na hakimu wa mahakama ya mwanzo wote wanahitaji kuuliza swali moja jepesi: siku fulani, kifungu hiki kilisomekaje? Leo jibu la swali hilo ni kazi ya siku nzima maktabani.

Sasa, Mheshimiwa, nakuomba uvumilivu wako nieleze kidogo kazi ya mikono yangu, maana huko nimekuta chombo ambacho naamini kinaifaa ofisi yako.

Mwezi Aprili 2005 Linus Torvalds, mwanzilishi wa programu iitwayo Linux, alijikuta hana chombo cha kutunzia mabadiliko ya programu yake. Chombo ambacho yeye na wenzake walikuwa wakikitumia bure, BitKeeper, kilikuwa kimeondolewa ruhusa ile ya bure. Akaandika chake mwenyewe na kukiita Git, na tarehe 7 Aprili mwaka huo Git ikaanza kutunza kumbukumbu za maandishi yake yenyewe. Tangu katikati ya 2005 msimamizi wake ni Junio Hamano. Leo waandishi wengi wa programu duniani, na sisi wa Morogoro tukiwemo, hatuwezi kufanya kazi bila chombo hiki. Kila badiliko tunaloliweka tunaliita komiti.

Nikitafuta mfano wa komiti katika maisha yetu, naupata masjala. Karani wa masjala akipokea barua haitupi tu ndani ya jalada. Anaigonga muhuri wa tarehe, anaipa namba ya folio, anaandika imetoka kwa nani na inahusu nini. Folio 17 inafuata folio 16. Mtu akiichomoa 17, pengo linamuumbua. Git ni masjala ya namna hiyo, lakini namba zake za folio zina ukali zaidi. Kila komiti inapewa utambulisho wa herufi na tarakimu 40, unaokokotolewa kutokana na maandishi yote yaliyomo, jina la mwandishi, tarehe, maelezo, na utambulisho wa komiti iliyotangulia. Ukibadili mkato mmoja katika komiti ya miaka kumi iliyopita, utambulisho wake unageuka, na wa komiti zote zilizofuata unageuka nao. Hakuna awezaye kuibadili historia kimyakimya akaacha namba zilezile.

Kwa kawaida komiti huwekwa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Lakini programu nayo yaweza kuiweka, bila mtu kugusa kibodi, na hapo ndipo ombi langu lilipo. Programu inasoma sheria ya marekebisho, inayatekeleza maelekezo yake kwenye maandishi ya sheria kuu, kisha inaweka komiti moja. Kwa wataalamu wa TEHAMA wa ofisi yako, naomba niseme kwa kifupi kwamba kazi hii ina hatua nne. Kwanza maandishi ya kila faili yanahifadhiwa na kupewa utambulisho wake. Pili inatengenezwa orodha ya majina ya mafaili na utambulisho wa kila moja. Tatu inaandikwa komiti yenyewe, ikionyesha orodha ile na komiti iliyotangulia. Nne tawi, yaani jina linaloonyesha komiti ya mwisho, linasogezwa lielekee komiti mpya. Git ina amri ya kila hatua: hash-object, write-tree, commit-tree na update-ref. Wasiopenda kuziita amri hizi moja kwa moja wana maktaba za programu za kuwasaidia, kama libgit2, JGit ya lugha ya Java, na Dulwich ya lugha ya Python. Vyote ni bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua.

Baada ya yale yaliyompata mama, nilikaa usiku kadhaa nikaandika programu ya namna hiyo. Nilianza na Sura ya 216 peke yake. Maandishi niliyapanga kila sentensi katika mstari wake, ili neno moja likibadilika aya nzima isionekane kama imebadilika. Nikaipa programu marekebisho kwa mpangilio wa miaka, nikaiacha ifanye kazi. Ilipomaliza nilimwita mama, nikampa simu. Pale palikuwa na kifungu alichokijua kwa moyo, kimewekewa alama nyekundu ya kuondolewa, na chini yake maneno mapya kwa kijani. Alisoma taratibu. Akafika kwenye mstari wa juu, penye jina la aliyeleta badiliko na tarehe yake.

Akaniuliza, "Mwanangu, mbona hapa pana jina lako? Wewe ndiye uliyetuondolea mamlaka?"

Mheshimiwa, swali lile lilinikosesha usingizi. Mimi sikuwa nimeiambia Git nani ni mwandishi, na Git isipoambiwa huchukua jina lililomo katika mipangilio ya kompyuta husika. Basi kila badiliko ambalo Bunge la Jamhuri ya Muungano lilijadili na kupitisha lilikuwa na jina langu, kana kwamba nimelitunga mimi chumbani kwangu. Na tarehe zote zilikuwa za wiki ile. Kumbukumbu niliyoitengeneza ili iseme kweli ilikuwa ikisema uongo kwa mama yangu.

Nilirudi kwenye vitabu, nikagundua kwamba waliounda Git walikuwa wameliwaza jambo hili. Kila komiti ina nafasi mbili za majina na nafasi mbili za tarehe. Nafasi ya kwanza ni ya mwandishi, yaani mwenye badiliko. Ya pili ni ya mwekaji, yaani aliyelipokea na kuliingiza. Ni kama barua ya Katibu Mkuu inayopokelewa masjala: saini ni ya Katibu Mkuu, muhuri ni wa karani, na tarehe ya barua yaweza kutofautiana na tarehe ya kupokelewa bila mtu kuona ajabu. Programu inayoweka komiti inaweza, na kwa maoni yangu inalazimika, kuzijaza nafasi zote mbili kwa kutaja. Wanaoandika Linux wana desturi njema zaidi: tangu 2004 kila badiliko linabeba chini yake mstari wa jina la mtu anayelithibitisha, na kila linapopita mkononi mwa msimamizi, naye anaongeza mstari wake.

Kutokana na hayo, kwa heshima na taadhima, naomba ofisi yako ifikirie mambo manne.

La kwanza, kila sheria ya marekebisho iwe komiti moja. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ikigusa sheria kumi, komiti iwe ileile moja na iguse mafaili kumi, ili mwananchi aone kwa mtazamo mmoja yote yaliyobadilika kwa pamoja. Nafasi ya mwandishi iwe ya Bunge, na namba na mwaka wa sheria iliyoleta badiliko viandikwe katika maelezo. Tarehe ya mwandishi iwe ile ya sheria kuanza kutumika, maana kupitishwa na kuanza kutumika ni mambo mawili: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilipitishwa 1999 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Tarehe ya mwekaji iwe ya siku programu ilipolipokea badiliko kwa kweli. Zikipishana kwa mwaka mzima, zipishane hadharani, nasi tutajua pa kuongeza bidii.

La pili, programu ipewe jina lake yenyewe na isivae jina la mtu. Afisa akihamishwa au kustaafu, jina lake lisiendelee kuweka komiti akiwa nyumbani analea wajukuu. Programu iitwe programu, iwe na ufunguo wake wa saini ya kielektroniki, na kila komiti, kabla ya kuingia katika tawi kuu, ithibitishwe na mwanasheria mwenye jina na cheo, kwa saini yake. Mashine ina mkono mwepesi na haichoki, lakini haiwezi kuitwa mbele ya Bunge kujibu swali. Mtu anaweza.

La tatu, historia isiandikwe upya. Mama alikuwa na daftari la maamuzi ya baraza, na kanuni waliyofundishwa ilikuwa hii: ukikosea usifute na usichane, piga mstari mmoja neno lisomeke, andika sahihi pembeni, tia saini. Git inaruhusu mwenye mamlaka ya juu kulazimisha historia mpya juu ya ile ya zamani, na ruhusa hiyo katika ghala la sheria, yaani mkusanyiko wa mafaili na komiti zake zote, ifungwe kabisa. Programu ikikosea kunakili kifungu, iweke komiti ya pili inayosahihisha na kueleza kosa. Wananchi hawatacheka. Wataiamini zaidi ofisi inayosahihisha mbele yao.

La nne, ghala liwe wazi kwa kila mtu kulinakili bure. Asili ya Git ni kwamba kila nakala inabeba historia yote. Chuo, mahakama au kituo cha msaada wa kisheria kikinakili mara moja mtandao unapopatikana, kinabaki na sheria zote na miaka yake yote, umeme ukatike au mtandao upotee. Na kwa kuwa tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, maandishi ya Kiswahili na ya Kiingereza yakae katika ghala moja. Programu ielekezwe kwamba badiliko likigusa Kiingereza bila kugusa Kiswahili, komiti isimame hadi mtu aseme kwa nini.

Mheshimiwa, natambua kwamba mtu wa nafasi yako hapaswi kupelekwa mahali ambapo hapajawahi kukanyagwa. Wametangulia wengine. Ujerumani, mwaka 2012, Stefan Wehrmeyer aliweka sheria za shirikisho katika Git kwa jitihada binafsi, bila kuwa na dhamana ya serikali. Jiji la Washington, Marekani, lilikwenda mbali zaidi: Baraza lake linachapisha sheria za jiji kwa njia hii, na mwaka 2018 mkazi mmoja, Joshua Tauberer, aliliona kosa dogo la uchapaji katika sheria, akatuma pendekezo la masahihisho kwa Git, na ofisi husika ikalikagua na kulikubali. Hakubadili maana ya sheria. Hilo ni la watunga sheria peke yao. Aliokota jiwe dogo njiani, na wenye njia wakamshukuru.

Najua wasaidizi wako watakuwa na maswali, nami naomba niyatangulie machache kwa unyenyekevu.

Wataulizia uhalali. Gazeti la Serikali libaki kuwa chemchemi. Ghala linalopendekezwa linachota humo, na kila komiti itaje toleo la Gazeti ilikotoka. Siku Bunge litakapopenda kulipa ghala nguvu ya kisheria, litaamua lenyewe kwa wakati wake.

Wataulizia usalama wa ule utambulisho wa herufi 40. Ni swali la haki. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na Google walionyesha kwamba njia ya SHA-1, inayozalisha utambulisho ule, yaweza kudanganywa kwa gharama kubwa. Git ikawekewa kinga ya kuutambua udanganyifu wa aina hiyo mwaka uleule, na tangu 2020 inaweza kutumia njia imara zaidi ya SHA-256. Ghala linaloanza leo na lianze na iliyo imara.

Wataulizia sheria kongwe. Hapa pana ugumu wa kweli niliokutana nao mwenyewe. Git huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na tarehe za kabla ya hapo haizikubali vizuri. Chukua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Ni ya zamani kuliko saa ya Git. Dawa niliyoipata ni kuandika tarehe halisi katika mstari maalumu wa maelezo ya komiti, na programu za wasomaji ziusome mstari huo kwanza. Haipendezi sana, lakini ni kweli, na inasomeka.

Wataulizia programu mbili zikifanya kazi kwa wakati mmoja. Git ina kufuli, na hatua ile ya nne ya kulisogeza tawi inaweza kuagizwa isogeze tu iwapo tawi bado liko pale ilipoliacha. Likikutwa limeshasogea, programu irudi ianze upya. Wataulizia pia komiti tupu. Hatua ya tatu ikiitwa moja kwa moja huandika komiti hata kama hakuna kilichobadilika, na ghala likajaa kelele. Kwa hiyo programu ilinganishe kwanza orodha mpya na ya zamani, zikifanana inyamaze. Haya yote yanarekebishika. Mimi nimeyarekebisha nikiwa peke yangu usiku, na wataalamu wa ofisi yako, wakishirikiana na Mamlaka ya Serikali Mtandao, watayafanya vizuri kuliko mimi.

Na mwisho wataulizia imani: kwa nini mwananchi aiamini mashine? Hapa, Mheshimiwa, ndipo moyo wangu ulipo. Kwa mpango huu mwananchi haombwi kuamini. Utambulisho wa orodha ya mafaili unatokana na maandishi, majina na aina ya mafaili tu. Mtu wa Kigoma na mtu wa Mtwara, wasiojuana, wakichukua toleo lilelile la kuanzia, marekebisho yaleyale na programu ileile, watapata herufi zilezile, na zitalingana na za ofisi yako huko Dodoma. Zisipolingana, mmoja wao amekosea, na mahali pa kosa panaweza kuonekana hadi mstari. Mlinzi wa sheria anayemkaribisha kila raia ahakiki kazi yake atakuwa ametoa heshima kubwa kwa raia huyo.

Gharama nazo ni ndogo ukizilinganisha na manufaa. Programu ni za bure. Maandishi ya sheria zetu zote, yakiwa maandishi matupu, yanakaa katika kifaa kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo. Kinachohitajika ni watu wachache makini, na neno moja kutoka kwa mwenye kauli. Ndiyo maana nimekuja kwako.

Mheshimiwa, yule mjane hatimaye alipata haki yake wilayani. Mama hayupo tena katika baraza. Muda wake ulikwisha, akakabidhi daftari bila ukurasa uliochanwa. Ile nakala ya zamani bado iko sandukuni, ndani ya kanga yake. Anasema hataitupa, kwa sababu watu waliopewa haki kwa maneno yale walikuwa watu kweli, na maneno yale yalikuwa sheria kweli, kwa siku zake. Nilipomsikia nilielewa kwamba Git na mama wanafuata kanuni moja.

Ghala langu dogo la Sura ya 216 lipo tayari, pamoja na programu iliyolijenga, na niko radhi kulikabidhi kwa ofisi yako bila malipo na bila sharti. Nimeshaondoa jina langu katika nafasi ya mwandishi. Kwa sasa nimeandika Bunge, lakini nimeandika bila idhini ya yeyote, na jambo hilo halinipi raha. Naomba, kwa unyenyekevu wote niliojaliwa, siku moja nimpelekee tena mama simu, asome kifungu kilekile, afike kwenye mstari wa juu, na jina atakalolikuta pale liwe limewekwa na mwenye haki ya kuliweka.



Wako mtiifu,

Mwandishi wa programu,
Morogoro